Nusu Wati kutoka Bariadi

Constantine Masalu alikuwa fundi redio Bariadi mjini tangu enzi ambazo mtu mwenye redio ya mbao nyumbani alihesabiwa kuwa amefika. Siku hizi redio zimekuwa simu, na kwenye kibanda chake karibu na stendi alishinda akibadilisha vioo vilivyopasuka na kuchokonoa matundu ya chaji yaliyojaa vumbi. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache, miwani imefungwa waya sikioni, mkaidi kama maksai aliyekwisha kuamua kwamba leo halimi. Aliyesema hivyo ni mkewe, Nyanjige, aliyeishi naye miaka thelathini na minne, kwa hiyo tumwamini.

Lakini fundi huyu alikuwa na jambo lake. Nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Malambo, waya mwembamba wa shaba ulining'inia kutoka kwenye paa hadi kwenye mkwaju. Majirani walidhani ni kamba ya nguo, wakashangaa mbona haianikwi kitu. Ilikuwa antena. Constantine alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile karatasi ya serikali inayomruhusu mtu wa kawaida kuzungumza hewani na wenzake wa nchi yoyote, bila biashara, kwa herufi na namba alizopewa yeye peke yake. Na miongoni mwa watu hao alikuwa wa kundi dogo zaidi, wale wanaojinyima nguvu makusudi. Wengine wanarusha kwa wati mia, wengine mia nne. Yeye alirusha kwa wati tano, pungufu ya balbu ya sebuleni, na aliona fahari.

Mtambo wenyewe ulikuwa kisanduku kisichozidi pakiti mbili za majani ya chai. Alikijenga kwa mikono yake, na kilikuwa na tabia wanayoijua wote wanaojenga vitu hivyo: hakitoi nguvu sawa kwenye bendi zote, yaani mafungu ya mawimbi yanayotajwa kwa urefu wa mita. Kwenye mita themanini na mita arobaini, ambako mawimbi ni marefu na yanatetemeka taratibu, kilitoa wati tano kamili. Ukipanda kwenye mawimbi mafupi zaidi, mita ishirini, zinabaki tatu na nusu. Mita kumi na tano, mbili. Mita kumi, moja, tena kwa kukibembeleza. Ni kama jozi ya ng'ombe wa kulimia: kwenye kichanga jembe linakwenda lenyewe, kwenye udongo mweusi wa mbugani wanaanza kukugeukia na kukutazama. Na vilevile betri ikichoka, kila bendi inapungua.

Kisanduku pacha cha hicho kilikuwa Tunduru, safari ya siku mbili kwa basi, mezani kwa kaka yake, Joakim.

Joakim alimtangulia Constantine kwa miaka mitano. Alikuwa askari wa mawasiliano, akapelekwa kusini, akaoa huko, akajenga huko, akastaafia huko. Alipokuwa akija likizo nyumbani, kijijini Nkoma, ndipo alipomfundisha mdogo wake nukta na vistari vya Morse, kwa kugonga kijiko kwenye sufuria mpaka mama yao akawafukuza jikoni. Baadaye walijenga vile visanduku viwili kwa pamoja, wakiinamia meza moja, na wakabuni mchezo wao walioubatiza kubana. Mmoja alibaki Nkoma, mwingine akaenda kijiji cha Kasoli na betri ya pikipiki, wakawa wanapunguza nguvu kidogo kidogo huku wakiitana. Wa kwanza kushindwa kumsikia mwenzake, akamwomba aongeze, ndiye aliyechinja jogoo wake. Mara nyingi aliyechinja alikuwa Constantine.

Kisha walikorofishana. Ugomvi ulikuwa wa ng'ombe, ungekuwa wa nini kingine kati ya Wasukuma wawili wa baba mmoja? Mzee wao alipofariki aliacha kundi, na kundi likabaki kwa Constantine kwa sababu Joakim alikuwa mbali. Ukaja mwaka wa ukame. Constantine aliwahamishia Meatu kutafuta malisho, akarudi na wachache, wengine wakabaki huko mizoga. Joakim alipokuja alikuta wageni wamekaa uani, wakwe waliokuja kwa habari ya mahari ya Sayi, binti mkubwa wa Constantine. Akazunguka zizi mara moja, akarudi, akasema mbele ya wakwe wale, "Ng'ombe hawafi namna hii. Hawa wameliwa na mwizi."

Constantine alisimama. "Kaka, kuanzia leo mdomo wangu na mdomo wako basi. Mpaka siku utakapolifuta neno hilo."

"Basi na iwe," akasema Joakim, akaondoka na basi la asubuhi.

Miaka kumi na moja hawakupigiana simu. Wake zao pia walikatazwa. Lakini kiapo kilitaja mdomo; vidole havikuapa. Jumapili ya kwanza baada ya ugomvi, saa moja na robo asubuhi, Constantine aliwasha redio kwa mazoea tu, akausikia mkono wa kaka yake ukigonga, maana kila mgongaji ana mwendo wake na huwezi kuukosea. Joakim alikuwa akimwita. Constantine akajibu. Tangu siku hiyo hawakukosa asubuhi hata moja, na hawakutumiana neno hata moja. Ilikuwa namba tu: tatu za kueleza jinsi ninavyokusikia, na moja ya kueleza ninatumia wati ngapi. Tano saba tisa, wati tatu na nusu. Tano nane tisa, wati tatu na nusu. Kisha kila mmoja akaenda kunywa uji wake.

Ni ujinga, ndiyo. Wazee wawili wenye wajukuu. Nyanjige alimwambia mara nyingi kwamba kama vidole vinaweza kusema tano saba tisa basi vinaweza kusema samahani. Constantine hakutaka kusikia. Duniani alibakiwa na haja moja tu, Joakim alegee kwanza na kulifuta lile neno. Alilifikiria akinyoa, alilifikiria kanisani. Mtu akimwita mwenzake sokoni "mwizi wewe" kwa utani, uso wake ulibadilika.

Mwezi wa tano mwaka jana, pamba ikiwa imeanza kupasuka mashambani, wati za Joakim zilianza kushuka. Walikuwa wakikutana mita ishirini, ambako visanduku vyao vilitoa tatu na nusu. Siku moja Joakim akasema mbili na nusu. Wiki iliyofuata, mbili. Kisha asubuhi moja hakuwapo kabisa, na Constantine akamtafuta kwenye bendi nyingine mpaka alipomkuta chini, mita arobaini, akiita polepole. "Wati tatu," akasema Joakim.

Fundi yeyote angeshtuka hapo. Mtu aliyekimbilia bendi ambako kisanduku kinatoa tano, halafu akapata tatu, betri yake inakata roho. Mteja angemletea Constantine dalili hizo, angepewa jibu kabla hajaketi kwenye benchi. Lakini huyu hakuwa mteja. Alikuwa Joakim, na mbele ya Joakim Constantine hakuwa fundi, alikuwa mdogo mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe. Akaona shindano. Alijiambia kwamba kaka yake anambana, anajionyesha, anasema bado nakushinda hata uzeeni.

"Haya," akasema Constantine, na akageuza kitufe chake kutoka tano hadi tatu.

Joakim akaja na mbili. Constantine akashuka moja na nusu. Joakim akaja na moja. Constantine alikaa siku nzima kibandani akitabasamu peke yake, na kesho yake akarudi na nusu wati. Hakuwahi kurusha kwa nguvu ndogo kiasi hicho kwenda mbali kiasi hicho. Nusu wati, toka Bariadi mpaka Tunduru, na namba za Joakim zilizorudi zilionyesha kwamba anamsikia kwa shida sana. Constantine alijisikia kijana.

Jumatatu ya wiki ya pili ya mwezi wa sita Joakim hakutuma namba. Alituma maneno, ya kwanza kwa miaka kumi na moja, herufi moja moja na kwa mkono mzito: Sikusikii vizuri. Ongeza nguvu.

Constantine aliinua mikono kutoka mezani, akacheka kwa sauti. Aliingia jikoni ambako Nyanjige alikuwa anakoroga uji.

"Kaka amesema ongeza," akamwambia. "Ameshindwa. Ana jogoo wa kuchinja huyu."

Nyanjige hakucheka. "Amesema tu hivyo?"

"Amesema hanisikii."

"Sasa Baba Sayi, mtu akikuambia hakusikii, si unapaza sauti?"

"Huelewi mambo haya, wewe mama. Amelegea. Aliyelegea mara moja atalegea na mara ya pili. Mwache aombe siku mbili tatu, neno lenyewe litatoka."

"Na asipoomba?"

"Ataomba."

"Mtu mzima anakuomba, wewe unafurahi," akasema Nyanjige, akageukia sufuria yake. "Mimi hilo silipendi."

Jumanne Joakim alituma: Ongeza, tafadhali. Constantine alimsikia vizuri, maana antena yake ilikuwa juu na Malambo asubuhi hakuna kelele. Akajibu kwa adabu zote, tano tano tisa, kwa nusu wati ile ile, akijua haifiki au inafika kwa taabu. Jumatano Joakim alituma: Ongeza, mdogo wangu. Hapo kidogo moyo wa Constantine uliyeyuka. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye kitufe na vidole vikakigusa. Kisha akawaona wakwe wale wamekaa kwenye viti, wanatazama chini kwa aibu kwa niaba yake, na mkono ukarudi. Kesho, akajiambia. Alhamisi Joakim aliita kwa dakika ishirini, sauti yake nyembamba, neno moja tu akilirudiarudia, ongeza, ongeza. Constantine alikaa na hedifoni masikioni mpaka lilipokoma. Hakuongeza.

Ijumaa hakukuwa na kitu.

Saa moja na nusu alipandisha kitufe hadi wati tano. Akaita mita arobaini, kimya. Akaenda mita themanini, akarudi ishirini, akapanda kumi na tano na mita kumi ambako hakuna mtu mwenye akili ambaye angemtafuta mtu wa nchi yake mwenyewe. Alichelewa kufungua kibanda. Jumamosi alifanya vile vile, na Jumapili hakwenda misa. Nyanjige alimwambia apige simu, kiapo kitamuua. Akasema ngoja kwanza mpaka kesho, labda betri.

Simu ilikuja yenyewe Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa kibandani, namba asiyoijua.

"Shemeji Constantine? Mimi ni Veronica. Veronica wa Joakim, Tunduru."

"Shemeji."

"Kaka yako ametutoka. Asubuhi ya leo."

Constantine alikuwa ameshika bisibisi mkono mmoja na simu ya mteja imefunguliwa mbele yake. "Ametutoka kwa nini?" akauliza, kana kwamba kuna sababu ambayo angeweza kuikataa.

"Figo. Tangu mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu? Mbona hamkuniambia, shemeji? Hata kwa ujumbe?"

Sauti ya Veronica ilikuwa imechoka tu, haikuwa na lawama. "Alikataa. Alisema, Constantine ni fundi. Akisikia wati zangu zinashuka atajua kwangu kuna jambo, atapiga mwenyewe. Betri yake ilikuwa imekwisha, shemeji, na yeye hakuweza tena kupanda paani kufuta vumbi kwenye sola ya kuichaji. Sisi mambo yale hatuyajui. Tulikuwa tunangoja upige."

Alimrudishia mteja simu yake ikiwa vipande, akafunga kibanda, akatembea nyumbani kwa miguu. Nyanjige alimwona tangu kwenye kona na akaanza kulia kabla hajaambiwa.

Walisafiri pamoja. Njia nzima Constantine alijaribu kukumbuka ni siku gani hasa alipaswa kujua, na kila siku aliyoikumbuka ilikuwa ndiyo. Siku ya mbili na nusu ilikuwa ndiyo. Siku ya kuhamia mita arobaini, mtoto angejua. Alikuwa amesomewa hali ya mgonjwa kila asubuhi kwa namba, na yeye akazipokea kama matusi. Nyanjige alimpa maji, akayashika bila kunywa mpaka Singida.

Mazishi yalikuwa Jumatano alasiri. Watu wa Tunduru walimpokea vizuri, kupita kiasi, na hilo lilimwumiza zaidi. Walimpa kiti cha mbele. Walimwambia pole ya redio yako. Hakuelewa pole hiyo ilikuwa ya nini na hakuwa na nguvu za kuuliza. Alidhani ni namna yao ya kusema.

Alhamisi asubuhi, wakati wanawake wanaosha masufuria, alikuja Violeth, kitinda mimba wa Joakim, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa miaka ishirini na sita. Alimpigia magoti baba yake mdogo, akamwamkia, "Mwangaluka, baba," kwa Kisukuma cha kujifunza kwa baba yake, kisha akaketi kwenye mkeka karibu na kiti chake.

"Nina mzigo wako," akasema. "Baba alisema nisimpe mtu mwingine, wala nisitume kwa basi."

Akafungua kitambaa, akatoa kipakiti cha karatasi ya daftari. Akammiminia kiganjani transista tatu, vidude vyeusi vya miguu mitatu mitatu, vidogo kuliko punje ya mahindi. Ndizo zinazosukuma mawimbi kwenda kwenye antena, na bila hizo kisanduku kinasikia tu, hakisemi. Miguu yake ilikuwa na mabaki ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa vibaya, kwa mkono usiojua kazi.

"Nilizitoa mimi," akasema Violeth. "Alhamisi ile ya mwisho, alipomaliza kukuita. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi. Nikapasha kile chuma chake cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, yeye ananionyesha kwa kidole, hapa, hapa. Mama alimwambia ukizitoa hutasema tena. Akasema betri yangu haina siku tatu, mimi sina cha kupoteza, lakini zikimfikia Constantine atarudi hewani."

"Nitarudi kutoka wapi?" akauliza Constantine.

"Si za kwako ziliungua? Mwanzoni alidhani unambana, kama zamani. Tulifurahi, siku hiyo alicheka mpaka akakohoa. Halafu akakuomba uongeze. Siku nne. Alikuwa anakusikia kama mbu, mara upo mara haupo. Ile Alhamisi akavua hedifoni akaniambia, Violeth, huu si mchezo tena, mdogo wangu mtambo umemwungulia. Akasema mtu ukimwomba aongeze, na anazo, anaongeza."

Constantine alizitazama zile transista kwenye kiganja chake.

"Na kuna neno," Violeth akaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma alichokariri ili asikikosee. "Alisema nikuambie wale ng'ombe ni ukame. Alijua tangu aliporudi Tunduru mwaka ule, akaona aibu. Alitaka kukuambia mwenyewe, ndiyo maana alikuwa anataka uongeze. Alisema neno kama lile humtumii mtu usiyemsikia, hutajua limempata au limepotelea njiani."

Uani masufuria yalikuwa yanagongana. Nyanjige, aliyekuwa ameketi mlangoni, alikuwa amesikia yote, na alifunika uso kwa khanga.

"Zitafaa, baba mdogo?" akauliza Violeth. "Nilikuwa naogopa nimeziharibu kwa moto."

Ilikuwa rahisi kusema zitafaa. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na hakuna mtu duniani angejua.

"Zangu hazikuungua," akasema.

Violeth alitabasamu kidogo, hajaelewa. "Basi kiliharibika nini?"

"Hakuna. Nilikuwa namsikia, mwanangu. Siku zote nne nilikuwa namsikia vizuri. Na wati tano nilikuwa nazo."

Violeth alinyoosha mkono, akaziokota zile transista moja moja kutoka kwenye kiganja cha baba yake mdogo, akazirudisha kwenye karatasi, akaikunja, akainuka, akaingia nazo ndani.